Kijerumani cha Mwanzo Chuoni: Maswali Ninayoulizwa Kila Muhula

Nafundisha Kijerumani cha hatua ya kwanza chuo kikuu, hapa Dar es Salaam. Kila muhula ukianza, kabla hata orodha ya majina haijatulia, maswali huwa ni yaleyale: kwenye korido, kwenye kundi la WhatsApp, na mara nyingine kwa mzazi anayepiga simu kutaka kujua mwanawe anasomea nini. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa ufupi. Mengine nimekaa nayo kwa muda, maana ndiyo yanayowaangusha watu.

Sijawahi kusikia hata neno moja la Kijerumani. Nitaweza kweli?

Utaweza. Na maneno umeshayasikia, tena unayatumia. Ukisema "shule" umesema Schule. Ukisema huna hela, umetaja Heller, sarafu ndogo iliyoanza kutumika 1904 katika koloni la Wajerumani hapa kwetu, mia moja kwa rupia moja.

Maneno hayo yaliingia pamoja na utawala ambao babu zetu walipigana nao katika vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Wapo wanafunzi wanaoingia darasani na uzito huo moyoni, nami nauheshimu. Ninachowaambia ni hiki: nyaraka nyingi za utawala ule zimehifadhiwa hapahapa Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa, na zimeandikwa kwa Kijerumani. Asiyekijua anasubiri kusimuliwa na wengine yaliyoandikwa juu ya kijiji chake.

Kuhusu kuanza ukiwa mtu mzima, hukuwa wa kwanza. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliondoka Zanzibar 1866 akiwa msichana wa miaka ishirini na kitu, akaenda kuishi Hamburg kwa lugha asiyokulia nayo. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake, naye aliziandika kwa Kijerumani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani ya Bagamoyo, alifika Berlin 1900 kufundisha Kiswahili, akaishi miongoni mwa wenye lugha. Wote wawili walianza na Kiswahili kinywani, kama wewe.

Kiingereza changu si kizuri. Kitaniangusha?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu langu ni hapana. Nitakwenda mbali zaidi: anayejifunza Kijerumani kwa kupitia Kiingereza mara nyingi huzunguka njia ndefu, wakati Kiswahili kingemvusha moja kwa moja.

Chukua neno Name, yaani jina. Mwanafunzi aliyezoea Kiingereza hulitamka Kiingereza. Lisome kama ungelisoma kwa Kiswahili, na-me, uvute kidogo ile a, na umelipata. Hivyo hivyo Tomate, Banane, Lampe, Hose. Irabu zetu tano ziko karibu sana na zao, na kama sisi, wao husoma kile kilichoandikwa. Kiingereza kina tabia ya kuandika hivi na kutamka vile, na tabia hiyo ikiingia kwenye Kijerumani inachukua muda kuitoa.

Kisha kuna maneno yanayofanana sura tu. Gift kwa Kijerumani ni sumu, si zawadi kama gift ya Kiingereza. Bekommen ni kupokea au kupata, si "kuwa" kama become. Wer ni nani, wo ni wapi, na kila mwaka kuna anayeyageuza kwa sababu ya Kiingereza.

Na kuna sarufi. Kiswahili kinatofautisha wewe na nyinyi. Kijerumani pia, du na ihr. Kiswahili kinabadilisha kitenzi kwa kila nafsi: ninajifunza, unajifunza, anajifunza. Kijerumani pia: ich lerne, du lernst, er lernt. Tofauti ni kwamba sisi tunaiweka nafsi kichwani mwa kitenzi, wao wanaiweka mkiani. Na juu ya yote, sisi tuna ngeli. Hapo ndipo tunapofika kwenye swali linalofuata.

Kwa nini meza ni "der", taa ni "die" na dirisha ni "das"? Nitayakumbukaje?

Jiulize kwanza kwa nini unasema kitabu kizuri kimepotea lakini mkeka mzuri umepotea. Nani alikufundisha? Hakuna. Hakuna mtoto wa Kiswahili anayesema "kitabu mzuri umepotea", na hakuna aliyewahi kumkalisha chini kumweleza sababu. Nomino ilikuja kinywani mwake ikiwa imeshikana na ngeli yake.

Der, die na das ni ngeli. Wao wanazo tatu tu katika umoja, na wingi wote unachukua die. Sisi tuna nyingi kuliko hizo na tunaziendesha bila kufikiri. Kwa hiyo anayekuambia kwamba jinsia za nomino za Kijerumani ni jambo geni kwa Mwafrika, hajakaa akaitazama lugha yake mwenyewe.

Ugumu halisi uko kwingine. Kwetu, mara nyingi alama ya ngeli iko kwenye nomino yenyewe: ki- ya kitabu, m- ya mti. Kwao nomino haisemi chochote usoni. Tisch haina dalili yoyote kwamba ni ya der. Alama iko nje, kwenye kile kineno cha mbele. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu wasiandike kamwe "Tisch = meza". Waandike "der Tisch, die Tische = meza". Nomino bila artikeli yake ni kama kusema "-tabu" halafu ukae ukingoje watu wakuelewe.

Nina daftari moja ambalo mwanafunzi aliniachia nilitumie kama mfano. Ndani kuna maneno zaidi ya mia tatu, mwandiko wa kupendeza, mistari imenyooka kwa rula, na hakuna artikeli hata moja. Ilimlazimu aanze upya muhula wa pili, neno kwa neno, na kalamu tatu: bluu kwa der, nyekundu kwa die, kijani kwa das. Ukurasa wa mwisho wa daftari hilo una rangi, za mwanzo hazina. Huwa nalipitisha darasani siku ya kwanza, mkono kwa mkono, bila kusema mengi.

Dalili chache zipo, nazo ni za kutegemewa. Nomino zinazoishia na -ung, -heit, -keit, -schaft, -tion na -tät ni za die: die Zeitung, die Freiheit, die Universität. Zinazoishia na -chen ni za das. Siku za wiki, miezi na majira ni der. Nomino ya kuunganisha hufuata kipande cha mwisho: das Haus ni nyumba, kwa hiyo hospitali, "nyumba ya wagonjwa", ni das Krankenhaus.

Halafu watu hushtuka kwamba msichana ni das Mädchen. Inatokana na hiyo -chen. Hapa Kiswahili na Kijerumani vinaachana. Sisi tunatazama uhai: tunasema kifaru amelala, hatusemi kimelala, ingawa neno lina ki-. Kijerumani, kwenye artikeli, kinatazama mkia wa neno na si aliyemo ndani yake. Ukilielewa hilo utaacha kutafuta maana ya kike katika taa au ya kiume katika meza. Hakuna.

Matamshi gani yanatusumbua zaidi sisi?

Si yale mnayoyaogopa. Ile ch ya ach, Buch, Nacht ni ileile kh ya mtu wa pwani anaposema "kheri" au "Khamis" kwa matamshi kamili. Ukiwa umepita madrasa, umeshamaliza. Ch ya ich ni nyingine, laini: weka ulimi kama unataka kusema "yi", kisha toa pumzi tu bila sauti.

Ü na ö zinafanywa kwa midomo. Sema "i" ndefu, usiusogeze ulimi, kisha viringisha midomo kama unasema "u". Hiyo ni ü. Fanya hivyo kwa "e" na midomo ya "o", utapata ö. Jaribu mbele ya kioo. Usipozitofautisha, Küche (jiko, kile chumba cha kupikia) itasikika kama Kuchen (keki), na schön (nzuri) itakuwa schon (tayari).

Shida yetu kubwa ni konsonanti zinazorundikana. Kiswahili kinapenda kufunga silabi kwa irabu, ndiyo maana neno Strumpf, soksi, hutoka vinywani mwetu kama "shturumpufu". Herbst, majira ya kupukutika majani, huwa "herubisti". Dawa yake ni kulijenga neno kutoka mwisho: pf, umpf, rumpf, trumpf, Strumpf. Polepole, kisha haraka. Nimeona wanafunzi wakilipata kwa dakika tano baada ya wiki tatu za kushindwa.

Na wale ambao lugha ya nyumbani haitenganishi l na r, fanyeni mazoezi mapema: leise ni kimyakimya, Reise ni safari. R yenyewe, ile ya ulimi tunayoitumia sisi, inaeleweka vizuri, na wapo Wajerumani wa kusini wanaoitamka hivyo. Msijitese kuitoa kooni wiki ya kwanza.

Mengine ni ya kukariri tu: w husomwa kama v yetu, v mara nyingi kama f, z kama ts, ei kama ai, ie kama i ndefu, eu kama oi, s kabla ya irabu kama z, st na sp mwanzoni mwa neno kama sht na shp.

Akkusativ na Dativ ni nini? Mbona artikeli inabadilika tena?

Ulisoma sarufi ya Kiswahili sekondari. Ukisoma Tanzania ulikutana na yambwa tendwa na yambwa tendewa. Ukisoma Kenya uliambiwa shamirisho kipozi na shamirisho kitondo. Ukavikariri kwa ajili ya mtihani, ukaviacha. Vichukue tena, vina kazi.

"Mama anampa mtoto mpira." Anayetenda ni mama. Kinachotolewa ni mpira: yambwa tendwa. Anayepewa ni mtoto: yambwa tendewa. Kwa Kijerumani: Die Mutter gibt dem Kind den Ball. Mama ni Nominativ, die. Mpira ni Akkusativ: der Ball umekuwa den Ball. Mtoto ni Dativ: das Kind amekuwa dem Kind. Basi. Kiswahili huonyesha uhusiano huo ndani ya kitenzi, kwa ile -m- ya "anampa" na kwa kauli ya kutendea. Kijerumani huuonyesha kwenye artikeli.

La kufurahisha kwa anayeanza ni kwamba katika Akkusativ ni der peke yake inayobadilika, kuwa den. Die na das hubaki. Katika Dativ der na das huwa dem, die huwa der. Genitiv utaikuta baadaye, isikusumbue sasa.

Vihusishi vina tabia zake. Aus, bei, mit, nach, seit, von na zu huvuta Dativ daima. Durch, für, gegen, ohne na um huvuta Akkusativ daima. Darasani tunaviimba kwa kupiga makofi, na wanaovikumbuka mwaka wa tatu ni wale walioimba. Kisha kuna kundi la mahali, kama in, an, auf, linalokubali yote mawili kutegemea kama unaelekea au umeshafika. Ich gehe in die Bibliothek: naenda maktaba. Ich bin in der Bibliothek: nipo maktaba. Jiulize kwa Kiswahili, "nakwenda" au "nipo"? Jibu litakupa artikeli.

Kwa nini kitenzi kinaruka ruka?

Hakiruki. Kina mahali pake. Katika sentensi ya kawaida kinakaa nafasi ya pili, na vingine ndivyo vinavyokizunguka. Ich lerne heute Deutsch. Ukianza na "leo": Heute lerne ich Deutsch. Wanafunzi wetu husema "Heute ich lerne", kwa sababu kwa Kiswahili nafsi na kitenzi ni neno moja, "ninajifunza", na hatujazoea kuvitenganisha. Fikiria kitenzi kama nguzo ya katikati ya nyumba: hamisha vitanda na makabati utakavyo, nguzo haiguswi.

Ukiweka weil, yaani "kwa sababu", kitenzi huenda mwisho kabisa: Ich lerne Deutsch, weil ich in Leipzig studieren möchte (najifunza Kijerumani kwa sababu ningependa kusoma Leipzig). Kwa hiyo usimkatize Mjerumani katikati. Huenda neno la kusema kama anataka, hataki au ameshafanya bado linakuja.

Saa na namba zinanichanganya. Kuna njia?

Namba za makumi husomwa kuanzia mamoja: 21 ni einundzwanzig, "moja na ishirini". Aliyesoma Kiarabu analijua hilo, ni mpangilio uleule. Ukiandika namba ya simu unayosomewa, subiri isikike nzima ndipo uandike. Anayekimbilia kuandika huandika 12 badala ya 21.

Saa ina mtego mbaya zaidi. Halb drei haina maana ya saa tatu na nusu, iwe ya kizungu au ya kwetu. Ni nusu ya kuelekea tatu, yaani 2:30, na kwa Kiswahili ni saa nane na nusu. Unavuka mara mbili: mara kutoka nusu yao kwenda nusu yetu, mara kutoka saa yao kwenda saa yetu.

Mwanafunzi wangu mmoja alipewa miadi ya mahojiano kwa video, halb neun. Alijiandaa wiki nzima. Alivaa vizuri, akakaa kwenye chumba chenye mtandao mzuri, akaingia saa nzima baada ya wakati, kwa sababu alisikia "nusu" na "tisa" akahesabu 9:30. Ilikuwa 8:30. Wakati wa kiangazi Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo kwetu ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Alikaa mbele ya kioo kitupu cha kompyuta hadi alipoelewa, akanipigia simu akilia. Tangu hapo kila darasa langu linafanya zoezi la saa kwa wiki mbili kamili: nasema saa kwa Kijerumani, wanajibu kwa Kiswahili, bila kalamu. Ukipewa miadi, rudia kwa tarakimu: Also um acht Uhr dreißig? Wataitika ja, nawe utalala usingizi.

Nimwite mwalimu "du" au "Sie"? Na shikamoo yao ni ipi?

Shikamoo hawana. Heshima yao iko kwenye Sie, tena kwa herufi kubwa. Mwalimu, daktari, karani, mtu mzima usiyemfahamu: Sie, pamoja na Frau (Bibi) au Herr (Bwana) na jina la ukoo. Usimwite Lehrer kama tunavyoita "mwalimu", na mzee wa njiani usimwite Vater kama tunavyosema "baba". Wanafunzi kwa wanafunzi ni du tangu dakika ya kwanza. Katika wengine, mkubwa ndiye anayekaribisha du. Wewe mdogo ngoja uambiwe.

Ukiomba kitu, sema ich möchte. Ukisema ich will unaamrisha, ingawa moyoni ulikuwa unaomba.

Muhula mmoja utanifikisha A1?

Tufanye hesabu. Ngazi za kupima ujuzi wa lugha ni sita, kuanzia ya chini: A1, A2, B1, B2, C1, C2. Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni wa Kijerumani, hukadiria vipindi 80 hadi 200 vya dakika 45 kufika A1, kutegemea mwanafunzi, na kati ya 350 na 650 kwa jumla hadi B1. Kozi ya chuo yenye saa nne kwa wiki, wiki 15, ni saa 60, ambazo ni vipindi 80 kamili. Umegusa kizingiti cha chini tu, ikiwa hukukosa hata siku moja na darasa halikuwa na watu mia.

Kwa hiyo wengi huhitaji mihula miwili, na kazi ya nyumbani ya kweli katikati. Dakika 30 kila siku zinashinda saa nne za Jumamosi. Na ukikosa kipindi kwa sababu ya ugonjwa au ada, usisubiri wiki ijayo: pata daftari la mwenzako siku hiyohiyo, kwa sababu kila kipindi kinakalia kile kilichopita.

Cheti cha chuo kinatosha, au nifanye mtihani mwingine?

Alama za chuo ni za shahada yako. Ubalozi, mwajiri au chuo cha Ujerumani kwa kawaida huomba cheti cha mtihani unaotambulika. Goethe-Institut ipo Dar es Salaam na Nairobi, na mtihani wa A1 una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Alama ni 100, kufaulu ni 60. Kwenye kuandika utajaza fomu na kuandika ujumbe wa maneno kama 30. Kwenye kuongea utajitambulisha, na utaombwa kutaja herufi za jina lako na namba, kwa hiyo alfabeti na namba zisikose. Baada ya hapo ni kuulizana na wenzako kwa kadi.

Wanaokwenda kwa mwenza wa ndoa huombwa A1, sharti lililoanza 2007. Kusoma shahada inayofundishwa kwa Kijerumani ni mbali zaidi: vyuo vingi huomba mtihani wa TestDaF, kiwango cha TDN 4 katika sehemu zote, au mtihani wa DSH, kiwango cha DSH-2. Hapo hatuzungumzii muhula tena, tunazungumzia miaka. Kwa ufadhili wa masomo, DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, ina ofisi ya kanda Nairobi. Na kwa Wakenya, serikali yao na ya Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira Berlin, Septemba 2024. Ukisikia wakala anakuahidi kazi bila lugha, mwachie maneno yake na hela yako ibaki mfukoni.

Naona aibu kuongea. Nisubiri nikijua sarufi?

Usisubiri. Nimefundisha wanafunzi waliopata alama za juu kabisa kwenye karatasi, wakashindwa kuomba maji. Mdomo una mazoezi yake na daftari haliwezi kuufanyia.

Jifunzeni sentensi nne kabla ya kitu kingine chochote: Wie bitte? (Unasemaje?) Noch einmal, bitte. (Tena, tafadhali.) Langsamer, bitte. (Polepole kidogo.) Wie heißt das auf Deutsch? (Hiki kinaitwaje kwa Kijerumani?) Mwenye hizo nne anaweza kukaa na Mjerumani nusu saa, kwa sababu kila akikwama ana mlango wa kutokea.

Kisha kaeni watatu watatu. Wawili hukubaliana kukaa kimya, wanne humwachia mmoja aongee. Watatu wanalazimishana. Nilikuwa na kundi lililokutana chini ya mwembe karibu na maktaba kila jioni baada ya laasiri, robo saa tu, kila mmoja aeleze siku yake kwa sentensi tano. Wiki ya kwanza walikuwa wananong'ona. Wiki ya nane nilipita nikawasikia wakibishana kwa sauti kuhusu chakula cha kantini, kwa Kijerumani kilichojaa makosa, na nilisimama nikasikiliza kwa furaha hadi walipomaliza.

Programu za simu na mashine za kutafsiri zinasaidia?

Programu za simu zinafaa kwa msamiati, ukiwa kwenye daladala. Hazikufundishi kuongea na mtu. Deutsche Welle, ileile ya taarifa ya habari ya Kiswahili tunayoisikia redioni, ina kozi za Kijerumani za bure mtandaoni na habari zinazosomwa polepole. Zitumie.

Mashine ya kutafsiri isifanye kazi yako ya nyumbani. Nitaijua, kwa sababu mwanafunzi wa wiki ya sita haandiki kama mwanasheria, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba umejinyima yale makosa ambayo ningekusahihishia.

Tafuta kamusi inayoonyesha artikeli na wingi. Kamusi nyingi huandika hivi: Buch, das, kisha alama ya vitone viwili na -er. Maana yake wingi ni die Bücher. Ukijua kuzisoma alama hizo, kamusi ndogo itakufaa kuliko kubwa usiyoielewa.

Nije na nini siku ya kwanza?

Daftari moja la msamiati, tofauti na la masomo. Kalamu tatu: bluu, nyekundu, kijani. Na uwe umejifunza kutaja herufi za jina lako kwa Kijerumani, kwa sababu ndilo zoezi la kwanza. A ni aa, E ni ee, I ni ii, J ni yot, V ni fau, W ni vee, Z ni tset. Anayeitwa Juma ataanza hivi: yot, uu, em, aa.